Roboti ikienda kombo, mwacheni mtoto aitengeneze mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Habari za roboti madarasani zimekuwa nyingi siku hizi, na karibu zote zinafanana: watoto wameizunguka meza, kigari kinafuata mstari mweusi bila kutoka nje, mgeni rasmi anapiga makofi. Mimi ni mwalimu wa hisabati na nasimamia pia kipindi cha roboti, hivyo nafurahi kuona kazi hii ikithaminiwa. Ila kuna jambo linanikera. Katika vipindi vingi vya aina hiyo mtoto hupewa roboti iliyokwisha kuunganishwa, karatasi yenye hatua za kufuata, na programu ambayo kazi yake ni kuinakili tu. Roboti imetembea, sawa. Lakini aliyeisanifu yuko kiwandani, na aliyefikiri ni yule aliyetunga karatasi.

Usanifu wa kihandisi unaanzia kwingine kabisa. Unaanza na tatizo lenye masharti: kitu hiki kifanye nini, kwa vifaa gani, kwa muda gani, na tutajuaje kuwa kimefaulu. Hapo mtoto anabuni, anaunda, anajaribu, anapima, anabadilisha, anajaribu tena. Kuandika msimbo, yaani amri ambazo roboti inazifuata, ni kipande kimoja cha kazi hiyo, na mara nyingi si kile kigumu zaidi.

Chukua zoezi ambalo watu wazima huliona dogo mno. Boksi limewekwa mita 1 mbele ya roboti yenye magurudumu mawili. Roboti iende, isimame sm 5 kabla ya kuligonga. Wanafunzi wengi huanza kwa kutumia muda: washa mota kwa sekunde nne, zima. Wanajaribu, wanapunguza, wanaongeza, mwishowe inakubali. Shangwe. Kipindi kikikaribia kuisha, programu ileile kwenye sakafu ileile, roboti inaishia njiani. Kwangu mimi somo linaanza hapo, maana hakuna aliyegusa msimbo na bado jibu limebadilika. Mmoja atasema betri imeshuka, mota zimechoka, tuchaji. Mwingine atataka sekunde ziongezwe. Wa tatu, pengine yule aliyekuwa kimya muda wote, atauliza kwa nini tunapima umbali kwa saa ilhali gurudumu lipo. Gurudumu lenye kipenyo cha sm 5.6 likizunguka mara moja husogea takriban sm 17.6, yaani kipenyo mara pai, kwa hiyo sm 95 ni mizunguko kama 5.4. Pai, iliyokuwa namba ya kukariri kwa ajili ya mtihani, sasa ndiyo inayoamua kama boksi litagongwa.

Na bado. Sakafu ikiwa na utelezi, gurudumu linazunguka bure: mizunguko inahesabiwa lakini roboti haijasogea kiasi hicho. Wengine wanahamia kwenye kihisi cha mwangwi, kile kinachotoa sauti tusiyoweza kuisikia na kupima muda inaochukua kurudi. Ni njia nzuri, mpaka mtu alifunike boksi kwa sweta au aligeuze likae mshazari. Kitambaa kinameza sauti, uso wa mshazari unaitupa upande, na roboti inaamini njia ni nyeupe. Kila suluhisho lina mahali pake pa kushindwa. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini wamechagua hili na wapi litawaangusha ameshaonja uhandisi, hata kama boksi lake limegongwa.

Kinachoharibu haya yote ni haraka yetu walimu. Roboti ikienda kombo tunanyoosha mkono, tunachukua kishikwambi, tunabadili namba moja: "Haya, jaribuni sasa." Inakwenda. Mtoto hajui kwa nini ilikataa wala kwa nini imekubali.

Wala haya si mawazo mapya. Mwaka 1967 Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na haikuchukua miaka mingi ikapata roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe, yenye kalamu iliyochora kila ilikopita. Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa ameshafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtafiti wa fikra za watoto. Zoezi lililopata umaarufu ni la pembetatu yenye pande sawa. Mtoto ameshafundishwa kwamba kila pembe ina nyuzi 60, basi anamwamuru kobe ageuke nyuzi 60 kila kona, na mchoro unakataa kufunga. Unaelekea kuwa umbo la pande sita. Jibu ni 120, kwa sababu kobe anageuka kwa pembe ya nje. Aliyekwama hushauriwa awe kobe yeye mwenyewe: asimame, atembee njia ile kwa miguu yake, asikilize mwili wake umegeuka kiasi gani. Hakuna alama nyekundu ya kukosa kwenye karatasi. Kuna swali moja tu, turekebishe wapi.

Ndiyo maana naona alama za kipindi cha roboti zitolewe kwa daftari la majaribio kuliko onyesho la mwisho. Mtoto aandike alitarajia nini, kimetokea nini, amebadilisha nini, na kwa sababu gani. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wanafunzi hawaipendi kabisa kanuni hii, wanaiona inawachelewesha, lakini wakibadili kasi, pembe na kihisi kwa mpigo halafu roboti ikapona, hawatajua dawa ilikuwa ipi. Na roboti iliyofaulu mara moja irudishwe mwanzoni ifanye tena na tena kabla ya mtu kushangilia.

Daftari hilo lisiwe la mtu mmoja. Katika kila kundi yuko mwenye vidole vyepesi anayekiteka kishikwambi, wenzake wakabaki watazamaji, na kalamu akakabidhiwa msichana eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Wabadilishane nafasi kila baada ya jaribio. Mwalimu akiwaachia wajipange wenyewe, watajipanga hivyohivyo mwaka mzima.

Wapo watakaosema vifaa ni ghali. Ni kweli, ila si sababu ya kungoja. Scratch, lugha ya kompyuta kwa watoto iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na MIT, chuo kikuu cha Marekani, ni ya bure na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Hata pasipo kompyuta, mtoto mmoja anaweza kufumba macho akawa roboti, mwenzake akamwandikia amri za kumfikisha mlangoni, na akishaanza kusomewa hakuna kuongeza neno. Utashangaa jinsi "nenda mbele kidogo" inavyowagombanisha. Tena nathubutu kusema kwamba roboti moja kwa makundi matano ina faida yake: wanaosubiri zamu wanalazimika kuchora, kukokotoa na kubishana kwanza, badala ya kubonyeza na kuomba Mungu.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa mwandishi wenu atakayetembelea darasa jingine la roboti. Asiombe kuonyeshwa ikitembea. Achague mtoto yeyote, si yule aliyesukumwa mbele, amuulize kipindi kilichopita ilikuwa inakosea wapi na walibadilisha nini. Na wakuu wa shule wanaosoma ukurasa huu watupe vipindi viwili mfululizo, kwa sababu dakika 40 zinaishia kwenye kutoa nyaya na kuzirudisha. Kengele ikilia, roboti zilizoundwa nusu zisibomolewe ili meza zionekane safi. Ziwekwe kabatini kama zilivyo, pamoja na madaftari yake, hadi wenyewe watakaporudi.

Mwalimu wa hisabati