Barua ya wazi kwa Rais wa NCAA: Makocha wanaoukimbia ukocha mkuu

Mheshimiwa Charlie Baker,
Rais wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani,
Indianapolis, Indiana.

YAH: VITI VYA UKOCHA MKUU VISIVYOKALIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mkazi wa Ohio kwa miaka 19 sasa. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Nilikuja nchi hii nikijua mpira mmoja tu, ule wa Simba na Yanga. Futiboli ya Kimarekani nimefundishwa na mwanangu, ambaye anacheza safu ya mbele, wale mabonge wanaomkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, asiangushwe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kusemea jambo zito bila kubabaika, na kwa sababu wapo wazazi wenzangu wengi wanaozungumza Kiswahili katika nchi hii ambao watoto wao wanaingia kwenye mchezo huu bila wao kujua kinachoendelea nyuma ya pazia.

Jioni moja ya Januari, kocha mkuu wa chuo kimoja cha jimbo hili alibisha hodi kwetu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula pilau, akaongezwa, akamwomba mke wangu amweleze kachumbari inavyotengenezwa. Kisha akatuambia kwamba kwa miaka minne kijana wetu atakuwa mikononi mwake. Tulimwamini, na hata leo naamini alikuwa anasema kweli ya moyoni. Msimu wa pili ulipoisha, kabla ya Krismasi, akaondoka. Hakuitwa kuwa kocha mkuu wa timu kubwa zaidi. Alikwenda kuwa msaidizi.

Kijana alizipata habari hizo kwenye simu, amekaa jikoni, mfuko wa barafu bado uko gotini. Akaiweka simu mezani kifudifudi, akaniuliza: "Baba, mtu anaachaje ukuu akawe msaidizi?" Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Nimelitafuta jibu tangu hapo, na kila nilipofika nimekuta mlango unaoelekea ofisini kwako.

Nilidhani kocha wetu ni wa kipekee. Kumbe yuko kwenye msafara. Sean Lewis wa chuo cha Kent State aliacha ukocha mkuu Desemba 2022 akaenda chuo cha Colorado kuwa msaidizi wa kocha mkuu Deion Sanders upande wa ushambuliaji. Januari 2024 Maurice Linguist akaacha kiti cha Buffalo akawe msaidizi Alabama. Mwezi uliofuata Shawn Elliott akaiacha Georgia State akaenda South Carolina kuwa kocha msaidizi. Watu wazima, wenye familia, waliohangaika miaka mingi kukifikia cheo hicho, wanakivua wenyewe kama koti linalowasha.

Naomba nikae kidogo kwa Lewis, maana Kent ni jirani zetu na kisa chake kinaeleza mengi. Huyu si kocha aliyeshindwa kazi. Mwaka 2019 aliipa Kent State ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi za bowl, zile zinazochezwa mwisho wa msimu. Sasa tazama alichopangiwa mwaka 2022: Washington ugenini, Oklahoma ugenini, wiki moja ya kupumua nyumbani, kisha Georgia ugenini, na Georgia wakati huo ndiyo bingwa mtetezi. Zote tatu alipoteza. Kwa safari hizo chuo kililipwa na wenyeji wake zaidi ya dola milioni 5, na fedha za namna hiyo ndizo zinazoziba pengo la bajeti ya michezo. Anayetia saini mikataba hiyo ni mkurugenzi wa michezo, mara nyingi miaka kadhaa kabla. Anayekaa mbele ya waandishi wa habari kuulizwa kwa nini timu imefungwa ni kocha.

Aliyemrithi Lewis alishinda mechi 1 kati ya 24. Septemba 2024 vijana wa Kent State walipelekwa Knoxville kucheza na Tennessee. Hadi mapumziko ubao ulisoma 65-0. Ikaisha 71-0. Wiki iliyofuata wakapelekwa Penn State: 56-0. Hizo ni wiki mbili na pointi 127 bila jibu, Mheshimiwa, kwa vijana wa miaka 19 na 20 ambao Jumatatu wanatakiwa darasani.

Najua mechi hizo zinavyorudi nyumbani. Nimewahi kwenda kumpokea mwanangu saa kumi alfajiri kwenye maegesho ya chuo, baada ya kipigo cha aina hiyo. Vijana walishuka kwenye basi mmoja mmoja wakishikilia chuma cha mlangoni, hakuna anayesema kitu. Kocha alishuka wa mwisho, amebeba begi la mchezaji aliyekuwa na mkono kwenye kitambaa. Akanisalimia, akataka kusema neno, akanyamaza. Nilipoambiwa miezi michache baadaye kwamba ameondoka, niliikumbuka ile sura. Sikumlaumu.

Wakubwa wa mchezo huu hupenda kusema kwamba kocha hodari atashinda popote. New Mexico State inawajibu. Chuo hicho kilikaa miaka 57 bila kucheza mechi ya bowl, tangu 1960 hadi 2017. Akaja Jerry Kill mwaka 2022, na msimu wake wa pili akashinda mechi 10. Novemba 18, 2023 alikwenda Auburn, ambako chuo kililipwa dola milioni 1.85 kwenda kufungwa, akashinda 31-10. Kwotabeki wake alikuwa Diego Pavia, kijana wa Albuquerque ambaye vyuo vikubwa havikumtazama mara mbili, akaanzia chuo cha miaka miwili.

Nini kilifuata? Kill akaachia ngazi. Pavia akaingia kwenye dirisha la usajili akaibukia Vanderbilt, na Kill na kocha wa mashambulizi Tim Beck wakaenda hukohuko. Oktoba 5, 2024 Vanderbilt ikamfunga Alabama, namba moja wa nchi, 40-35, na taifa zima likashangilia. Nilishangilia na mimi, kwa sababu Vanderbilt yenyewe ilikuwa imehesabiwa miaka mingi kuwa kiti cha kuzikia makocha. Lakini New Mexico State msimu huohuo ilishinda mechi 3 tu. Waliompika Pavia hawakupata hata senti ya usajili wake.

Hilo ndilo jibu nililokuja kumpa mwanangu. Kiti cha chini siku hizi ni shamba la wengine. Ukilima vibaya unatimuliwa, ukilima vizuri wanakuja wenye magari makubwa kuvuna. Tangu Aprili 2024 mchezaji aliyefaulu masomo anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje, na mimi nauunga mkono uhuru huo kwa moyo wote, maana makocha nao wanahama wapendavyo. Ninachokipinga ni kwamba aliyelea anabaki mikono mitupu.

Halafu zikaja fedha za Juni 6, 2025. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungua wakidai malipo, na kila chuo kikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Haki ilikuwa imechelewa sana. Ila wewe mwenyewe, katika barua yako kwa vyuo ya Desemba 2023, uliandika kwamba bajeti za michezo za vyuo vya Division I, daraja la juu la NCAA, zinaanzia dola milioni 5 hadi milioni 250 kwa mwaka. Wa milioni 250 atalipa na chenji itabaki. Yule wa chini ataongeza mechi nyingine ya kwenda kufungwa. Zaidi ya hapo, sehemu ya dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa zamani inakatwa kwenye migawo ya vyuo vyote, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuona faida ya mamilioni hayo.

Huko juu hata kufukuzwa ni mtaji. Kocha aitwaye Jimbo Fisher alipotimuliwa Texas A&M Novemba 2023, chuo kilibaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Sina kinyongo na mkataba wa mtu. Nasema tu kwamba kocha wa juu akianguka anaangukia godoro, na wa chini anaangukia saruji.

Mheshimiwa, ulikuwa Gavana wa Massachusetts kwa miaka minane, kwa hiyo UMass, chuo kikuu cha jimbo hilo, sihitaji kukusimulia kwa kirefu. Timu ilipandishwa daraja mwaka 2012, na mechi za nyumbani zikahamishiwa Foxborough, safari ndefu ya basi kutoka Amherst walikokaa wanafunzi. Kisha ikatoka kwenye ligi yake ya MAC na kuhangaika bila ligi kuanzia 2016 hadi 2024. Charley Molnar aliondoka na ushindi 2 kwa vipigo 22. Walt Bell, 2 kwa 23. Don Brown, mzee aliyeheshimika kwa kufundisha ulinzi, 6 kwa 28. Je, wote hawa hawakujua kazi? Au kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu?

Liko jambo lingine ambalo kwetu sisi Waafrika haliwezi kupita kimya. Turner Gill, kocha Mweusi, aliichukua Buffalo mwaka 2006 ikiwa mavumbini. Mwaka 2008 akaipa ubingwa wa MAC kwa kuifunga Ball State iliyokuwa haijapoteza mechi, na kuipeleka bowl kwa mara ya kwanza katika historia yake. Zawadi yake ikawa Kansas, kiti kingine kigumu, ambako alipewa misimu miwili tu akaondolewa. Baada yake Kansas ilibadilisha makocha hadi akapatikana Lance Leipold mwaka 2021, naye akapewa muda, na mwaka 2023 akashinda mechi 9. Misimu miwili haitoshi kulea hata darasa moja la wachezaji mpaka wahitimu. Vijana Weusi ndio wengi uwanjani. Wakimtazama mtu anayefanana nao akipewa nyumba inayoungua na dakika tano za kuizima, wanajifunza nini kuhusu nafasi yao baada ya kucheza?

Najua mikono yako imefungwa na mahakama, na najua ubingwa wa ngazi ya juu na mabilioni yake hauko chini ya NCAA. Lakini yapo yaliyo mezani kwako.

NCAA ndiyo inayosema timu icheze mechi 12. Basi na iseme pia kwamba hakuna timu itakayouzwa kwenda kupigwa ugenini zaidi ya mara moja kwa msimu, na kwamba sehemu ya malipo ya mechi hiyo iende kwenye matibabu ya wachezaji walioicheza, hata baada ya kumaliza chuo. Magoti hayaponi siku ya mahafali.

La pili ni fidia ya malezi. Katika mpira wa dunia, FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawanywe kwa vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta wetu alipitia African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kufika Genk na Aston Villa, na sheria hiyo inavitambua vilabu vya namna hiyo. Kwenu hakuna ada ya uhamisho, lakini kuna mkataba. Chuo kinachomchukua mchezaji kutoka chini na kumlipa mamilioni kiwekewe mchango wa pembeni kwa chuo kilichomkuza, bila kumkata mchezaji senti yake. Ikihitaji Bunge la Marekani, wewe ndiye unayelitembelea mara kwa mara kuomba sheria. Ongeza na hili kwenye orodha.

Nakupongeza kwa dirisha la usajili la masika kufutwa na kubaki moja la Januari. Hilo limewapa makocha wa chini nafasi ya kujua Aprili kwamba kikosi walichonacho ndicho watakachoanza nacho Agosti. Linaonyesha kwamba mkiamua, mnaweza.

Mdogo wake kijana wangu ana miaka 16, na ni mkubwa kuliko kaka yake. Kocha mpya wa chuo kimoja amepiga simu, anataka kuja Jumapili. Mke wangu ameshanunua mchele. Nitamkaribisha kama tulivyomkaribisha mwenzake, na akishakula nitamwuliza amepangiwa mechi ngapi za kuuzwa msimu ujao, na anadhani atakaa hadi lini.

Nasubiri majibu yako.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mchezaji,
Ohio.