Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: ruzuku ya umeme inahesabu mita, haihesabu watu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu D1, tarifu ya matumizi madogo ya nyumbani. Tangu Januari 2014 tarifu hiyo inampa mteja uniti 75 za kwanza za mwezi kwa Sh100 kila moja. Uniti ya 76 inaruka hadi Sh350, na ambaye wastani wake umezidi 75 huhamishiwa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, analipa Sh292 tangu uniti ya kwanza. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti 75 za D1 ni Sh9,150. Hizohizo kwenye T1 zinakaribia Sh26,700.

Sipingi wenye uwezo kuondolewa kwenye ruzuku hii. Mwenye viyoyozi vitatu Masaki hana haja ya kubebwa na mtu yeyote. Shida yangu ni jinsi tunavyomtambua asiyestahili, kwa kuwa tunachotazama ni mita tu.

Chukua nyumba ya kupanga Mbagala au Manzese: vyumba sita, mita moja, wapangaji wanachangishana hela ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Kila chumba kina taa, feni, televisheni ndogo na chaja za simu. Tuseme kila kimoja kinakula uniti 20 kwa mwezi. Mita inasoma 120, nyumba nzima inahesabiwa kuwa ya wenye uwezo, na kila chumba kinachanga kama Sh7,100. Mpangaji huyo angekuwa na mita yake kwenye D1, angelipa Sh2,440. Jirani anayeishi peke yake na kumaliza uniti zake 75 analipa Sh9,150 kwa umeme unaokaribia mara nne ya ule wa mpangaji. Na usiniambie mpangaji avute mita yake: mjini kuunganishiwa tu, tena ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni Sh320,960, na lazima mwenye nyumba akubali. (Ugomvi wa nani kaacha pasi inawaka ni barua nyingine kabisa.)

Bei ikipanda hivi, kinachopungua si taa. Taa haina cha kupunguzwa, na simu lazima ichajiwe. Kinachozimwa ni friji, na anayeuza barafu na juisi kwa friji hilo anapoteza biashara. Jiko la umeme linarudishwa kwenye boksi na mkaa unanunuliwa kwa kopo, kidogo kidogo, kila siku. Atakayesoma takwimu za mauzo ataona uniti zimeshuka kidogo na kudhani wananchi wamejifunza kubana matumizi. Mkaa haupiti kwenye LUKU, kwa hiyo hatauona.

Hapo ndipo sera mbili za wizara yako zinagongana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage bila kumaliza uniti moja, na kwa bei ya D1 hakuna mkaa wa kushindana nalo. Lakini familia ikilizoea, inavuka 75 na kutupwa T1. Tunamwambia mtu apikie umeme, akipikia tunamtoza kama tajiri. Ukomo wa 75 uliwekwa miaka kumi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha. Leo bwawa lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na umeme huo unahitaji wanunuzi.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nyumba yenye wapangaji ipewe uniti za punguzo kwa idadi ya kaya zilizo nyuma ya mita. Idadi hiyo ithibitishwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana wenye nyumba wengine watataja wapangaji hewa. Pili, anayezidi kiwango alipie bei ya juu kwa uniti zilizozidi tu, tena bei isiyozidi ya T1, na asipoteze 75 za mwanzo. Mwenye viyoyozi naye atazipata hizo 75, najua, lakini mamia ya uniti anazotumia juu ya hizo bado atazilipia kwa bei ya juu. Hesabu ya kiasi gani TANESCO itapoteza ifanywe na EWURA hadharani, kwenye mikutano ya taftishi (ya kukusanya maoni ya wananchi), na iitishwe jioni ili wapangaji wanaoshinda kazini waweze kufika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, Dar es Salaam