Barua kwa mwanangu: kuhamia Dar siji, nina Jumamosi yangu

Mwanangu Zai,

Voisi noti yako nimeisikiliza, na mama yako kaisikiliza akacheka, nikajua hili jambo mmeshalijadili wawili kabla halijanifikia. Chumba mlichonitengea nashukuru sana, na mkwe mwambie nimeshukuru, ila kuhamia siji mama, kutembea ntakuja.

Umeuliza hicho kijiwe cha wazee cha mara moja kwa mwezi kinaniingizia nini. Hakiingizi kitu, tena mimi ndo natoa, elfu tano kila tukikutana, ya nyama na soda.

Unajua baba yako alikuwa dereva wa treni, basi. Usichokijua ni kwamba mtu wa reli hana rafiki mtaani, miaka yote leo uko Kigoma kesho Mwanza, unarudi Tabora unalala kidogo unaitwa tena, watu wako ni gadi wa treni, stesheni masta, mafundi wa karakana na wale wa genge la kutengeneza njia ya reli. Ukifika 60 unapewa barua na mkono wa kwaheri, kesho yake hao watu wote huna. Mama yako ana kikoba, ana kikundi cha mazishi, ana shughuli za watu kila wiki. Mimi nilibaki kwenye kochi namuuliza unaenda wapi, unarudi saa ngapi, chumvi mbona umenunua nyingi, mpaka akaniambia baba Zai, tafuta wenzio.

Sasa tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi maana pensheni inakuwa imeshaingia, kwa mzee mmoja aliyekuwa gadi, chini ya mwembe. Wanakaanga karanga, kuna michembe na chai, nyama baadaye. Drafti inachezwa kwenye kipande cha plaiwudi kwa vizibo vya soda, huyu vyake vimelala huyu vimefunuliwa, na yule stesheni masta wetu anacheza polepole mpaka unataka kulia, anashika kizibo, anakiachia, anatazama juu kwenye maembe, anakishika tena, alafu anakula vitatu kwa mpigo na kuomba chai kama hajafanya kitu.

Mabishano yapo. SGR, hiyo treni mpya ya umeme, imetupa maneno tangu ianze 2024, wengine wanasema kuendesha kitu cha umeme cha kilomita 160 kwa saa siyo udereva, mashine inafanya kila kitu, wengine tunasema ni wivu tu maana sisi tumezeekea reli ya mita moja tukikimbizana na ng'ombe. Kikokotoo nacho, ile hesabu ya mafao ya wastaafu, hakiishi, japo wengi wetu tulishalipwa enzi za mfuko wa pensheni wa PPF kabla mifuko haijaunganishwa 2018, yani tunawabishania watu wengine kabisa.

Kuna sheria moja, hakuna kukopeshana. Mwanzoni walitaka tuwe na mfuko wa mikopo kama vikoba, tukauanzisha, watu wawili wakachelewa kurudisha wakaona aibu wakaacha kuja kabisa, ikabidi deni lifutwe ndo warudi. Mi nasema hela ndogo ile ingetunyima watu wawili bure.

Alafu kuna mambo mwanaume hamwambii mkewe wala mtoto wake. Mwenzetu mmoja alikuwa anaamka usiku mara nyingi kukojoa, mkojo unatoka kidogo kidogo, alinyamaza muda mrefu akidhani karogwa. Siku hiyo pale mwembeni fundi mmoja akasema wazi kwamba yeye tezi dume lake limevimba na anatumia dawa, na kwamba kuna kipimo cha damu cha kuanzia, maana wengi wanaogopa kile kipimo cha kidole cha njia ya haja kubwa wasije wakadhalilika. Jumatatu tukampeleka hospitali, akaanza dawa. Huyo angekuwa kahamia kwa mwanawe mjini, angemwambia nani?

Mmoja wetu mwanawe yuko Uingereza, katuambia kule wastaafu wana klabu zinaitwa Probus tangu miaka ya 60, wanakutana kila mwezi, wanakula na kualika mtu wa kuzungumza. Hilo la mzungumzaji tumelichukua. Mwezi uliopita alikuja kijana kutufundisha kufanya uhakiki wa pensheni kwenye simu, yani kuonyesha sura kwamba bado uko hai, wazee wanakodolea macho kamera kama wanapigwa picha ya pasipoti, mmoja kavua kofia na meno ya bandia kabisa, eti asionekane mwongo.

Basi mwanangu, ntakuja baada ya kikao kijacho, nipande treni ya kawaida mpaka Dodoma alafu SGR, tiketi hiyo nikatie wewe na iwe kiti cha dirishani. Nitakaa na wajukuu wiki mbili, tatu nikikazwa, ila Jumamosi ya kwanza inikute Tabora. Na ukipita Kariakoo ninunulie mashine ya presha, ile ya kufunga kwenye mkono wa juu siyo ya kifundo cha mkono, tuliyonayo imeanza kudanganya, juzi ilionyesha gadi hana mapigo ya moyo naye yuko katikati ya kubishana.

Baba yako