Malalamiko dhidi ya muuzaji aliyekataa kutukabidhi cherehani baada ya mnada kufungwa

Kikundi cha Wanawake Washonaji,
Kihonda, Morogoro.

6 Januari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Minada ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MUUZAJI KUKATAA MAUZO NA AKAUNTI YETU KUFUNGIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2024 mnada wa cherehani ya kiwandani aina ya Juki, pamoja na meza na mota yake, ulifungwa kwenye programu yenu, na dau letu la Sh 1,150,000 ndilo lililokuwa juu. Muda ulipokwisha mlitutumia ujumbe kwamba tumeshinda, tuwasiliane na muuzaji na kukamilisha malipo ndani ya saa 48.

Asubuhi yake tulimpigia. Alianza kwa kusema hela hiyo ni ndogo, tuongeze laki tatu. Tulipokataa, akasema mota imeungua. Tukamjibu kwamba tunaichukua hivyohivyo kwa bei ileile, mota tutatafuta wenyewe. Hapo akakata simu, na tangu siku hiyo hapokei. Wiki iliyofuata cherehani hiyo ikarudi mnadani kwenu, picha zilezile, na katika mojawapo namba ya mashine inasomeka wazi kuwa ni ileile. Bei ya kuanzia sasa ni Sh 1,450,000, na maelezo yanasema inafanya kazi vizuri. Tumeambatanisha picha za skrini za minada yote miwili pamoja na ujumbe wenu wa ushindi.

Kama mambo yangeishia hapo, lalamiko letu lingekuwa la muuzaji peke yake. Lakini saa 48 zilipopita, mfumo wenu ulituandika sisi kuwa wanunuzi walioshindwa kulipa. Tungelipaje? Namba ya malipo hutolewa na muuzaji akishathibitisha mauzo, naye hakuthibitisha. Akaunti yetu ikafungiwa, na dhamana yetu ya Sh 100,000 ikazuiwa "hadi muamala ukamilike". Muamala huo hauwezi kukamilika kwa sababu anayetakiwa kuukamilisha amekataa, na bado anaendelea kuuza kwenu kitu kilekile alichokwisha kutuuzia sisi.

Tulipopiga simu ofisini kwenu, kijana aliyetupokea alituambia kwa adabu kwamba ninyi ni jukwaa tu, mnunuzi na muuzaji wamalizane wenyewe. Simlaumu yeye, alisema alichoelekezwa. Ila jibu hilo halikubaliki, na naomba mlipime upya. Ninyi ndio mlioweka saa ya kufunga mnada, mliochukua dhamana, mliotangaza mshindi na mliotoa adhabu. Mnunuzi akikataa kulipa, anapoteza dhamana na kufungiwa, na masharti yenu yanalieleza hilo kwa urefu. Nimeyasoma yote nikitafuta kinachompata muuzaji anayekataa kuuza, sikuona hata mstari mmoja. Yeye haweki dhamana wala hafungiwi. Anaruhusiwa kutangaza tena, na ninyi mnapokea ada ya tangazo kwa mara ya pili.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mauzo kwa mnada yanakamilika pale dalali anapotangaza kukamilika kwake, kwa kugonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo kila mtu ana ruhusa ya kuondoa dau lake. Baada ya hapo, mauzo yamefanyika. Kwenye programu yenu hakuna dalali mwenye nyundo. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, na kila anayeshiriki anajua kwamba ikifika sifuri mnada umekwisha. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo hoja kwamba "ni mambo ya mtandaoni tu" haina pa kusimama.

Suala hili limeshafika mahakamani katika nchi nyingine. Nchini Australia, mwaka 2006, mtu alinadi ndege ya zamani aina ya Wirraway kwenye eBay, ikapata mnunuzi kwa dola 150,000 za huko. Muuzaji akakataa kuitoa kwa sababu alikuwa amekubaliana na mtu mwingine aliyempa dola 100,000 zaidi. Mwaka 2007 mahakama ya New South Wales iliamua kwamba mkataba ulikuwa halali na ndege akabidhiwe aliyeshinda. Ujerumani nako, mwaka 2014, mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai ilimpa fidia ya zaidi ya euro 5,000 mnunuzi wa gari aina ya Passat lililoanza kunadiwa kwa euro 1. Muuzaji alikuwa amesitisha mnada baada ya kupata mteja pembeni. Najua hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu. Nazitaja kwa sababu majaji wa huko waliulizwa swali hilihili la muuzaji kujutia bei, wakajibu kwamba majuto ya bei hayavunji mauzo.

Na muuzaji huyu hakukosa kinga dhidi ya bei ndogo. Fomu yenu ya tangazo ina sehemu ya kujaza bei ya chini ambayo hatauza chini yake. Aliiacha wazi kwa hiari yake, kwa sababu tangazo lisilo na bei ya chini huvuta watu wengi. Sisi ni miongoni mwa waliovutwa. Hawezi kunufaika na mvuto huo mnada ukiwa wazi, kisha adai kinga aliyoikataa ukishafungwa.

Hasara yetu ni hii. Fedha tuliyotenga ni sehemu ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, ambapo nne ni za wanawake. Hauna riba, lakini marejesho yana tarehe, na mwanachama mmoja akikwama wote tunakwama. Tulikuwa na oda ya sare za shule za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa Januari. Tulimsubiri muuzaji huyu kwa imani kwamba mnada wenu ni mnada kweli, na tulipokata tamaa tukaenda Kariakoo tukanunua mashine kama ile kwa Sh 1,600,000. Tofauti ya Sh 450,000 tumeichangishana, na sehemu ya oda ilishachukuliwa na fundi mwingine. Nina uchungu, Ndugu Meneja, hasa kwa sababu mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu kwamba mtandaoni kuna haki sawa kwa mwenye duka na asiye na duka.

Tunaomba mturudishie dhamana yetu yote, mfute kumbukumbu inayotutaja kuwa tulishindwa kulipa, na mfungue akaunti yetu. Tangazo la pili la cherehani hiyo liondolewe mara moja, kabla mtu mwingine hajafanyiwa tuliyofanyiwa. Mtupatie kwa maandishi uthibitisho wa matokeo ya mnada, ili tumdai muuzaji tofauti ya bei mahakamani. Na masharti yenu yabadilishwe, muuzaji naye aweke dhamana, na akikataa kuuza bila sababu ya kweli dhamana hiyo aipate mnunuzi.

Tunasubiri majibu yenu ya maandishi hadi tarehe 20 Januari 2025. Tusipoyapata, tutawasilisha lalamiko rasmi Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kuwapotosha walaji, tukiambatanisha barua hii na picha zote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wote wa kikundi.

Nakala: Mwenyekiti wa Kikundi, Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.