Ba chukudu ba Goma, moyo nayo inakunywaka

Bandugu ba chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nyiye ba Kibumba, ba Rutshuru na ba hapa Goma mwenyewe, jambo kwenu. Niko nawaandikia miye muzee wenu mwenye alisukuma chukudu mbele ya kuwa infirmye, muuguzi, minervali yangu, feza ya masomo, ilitoka mu makala na mu mashu, kwa hiyo musiseme eti huyu wa bluzi nyeupe anajua nini juu ya mupando. Najua. Magoti yangu ingali inakumbuka.

Siku ya posho nilipita pale ku ronpwa ya sanamu ya chukudu nikakuta munabishana, mumoja anaonyesha mishipa ya mukono wake imesimama kama kamba, eti hiyo njo nguvu, mwingine eti damu inakaa mule tu kama maji mu bidoni, moyo yeye kazi yake ni mapendo na madeni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kurudi ku nyumba nikajisemea hapana, hawa batoto nikiwaacha hivi ni kosa yangu.

Basi fanyeni hii. Achia mukono inyongee chini mpaka mishipa isimame, finya mushipa moja na kidole karibu na kiganja, usiachie, kisha na kidole ingine sukuma damu kupanda ngambo ya kisigino cha mukono mpaka upite ka fundo kadogo kenye utaona ku mushipa, sasa toa hicho kidole cha juu. Mushipa inabaki lala, tupu, damu ya juu hairudi! Mule ndani muko milango midogo yenye inafungukaka paka ngambo ya moyo. Achia kidole ya chini, paa, inajaa tena kutokea chini. Huo mchezo muganga mumoja wa Uingereza, William Harvey, aliutumia mu 1628 kuonyesha bantu kama damu inazunguka na kurudi, ju mbele yake kule Ulaya baliamini damu inatengenezwa mu maini na kuishia mu mwili kama vile chakula. Alipiga hesabu tu: kile moyo inasukuma mu nusu saa inapita damu yote ya mutu, sasa hiyo ingine ingetoka wapi?

Na hesabu yenyewe itawashitua. Mutu muzima ana damu kama litri 5. Moyo, kitu ya kiasi ya ngumi yako, gramu karibu 300, ukikaa tu inasukuma karibu litri 5 kila dakika, maana yake damu yako yote inapiga tour mu dakika moja. Ukiwa mu mupando na magunia ya birai inaweza kufika litri 20. Muwaze ile bidoni ya njano yenye bamama banabebaka kutoka ku ziwa, moja nzima kila dakika, na kale ka nyama ka ngumi njo kanaifanya.

Iko pompi mbili zenye zimeshikana. Ya kuume inatuma damu ku mapafu, ni jirani tu, kazi nyepesi. Ya kushoto inatuma kutoka kichwa mpaka kucha ya muguu, njo maana ukuta wake ni munene zaidi.

Sasa sikieni vizuri, hii njo imenifanya niandike. Moyo imejaa damu lakini haikunywe ile yenye inapita mu byumba byake, iko na mishipa yake midogo inayoizunguka kwa inje, na ile pande ya kushoto ikijikaza inaifinya hiyo mishipa, kwa hiyo inakunywa zaidi pale inapolegea, katikati ya pigo na pigo. Ukienda mbio sana ile nafasi ya kulegea njo inapungua zaidi. Mwenye mishipa yake imekuwa nyembamba, juu ya tumbaku, mafuta, sukari ya damu ao tansiyo, ile presha ya damu, anasikia kifua inafinya mu mupando na ikimuacha akipumzika. Hiyo musiite gazi. Na musiende kutafuta nani amewaloga, muende kwa dokta siku ile ile.

Tansiyo nayo haina kelele. Mashini ikionyesha 120 juu ya 80 ni sawa, ikionyesha 140 juu ya 90 ao kupita, siku mbalimbali, hapo kuna neno. Ukuta wa kushoto wa moyo unakuwa munene kwa kupigana, kama mapaja yenu, isipokuwa ukuta munene kunywa kwake kunakuwa na taabu. Yaya yangu alipewa dawa, alikunywa mwezi moja akajisikia muzuri, muuza dawa mumoja akamuambia sasa umepona, akaacha. Alianguka ku meza, kinywa ikaenda upande, mukono ya kuume haikuamka tena. Alikuwa na miaka 46, na ku kifua alinishinda miye.

Wakati wa kusukuma musizuie pumzi, najua muko mwanafanya, miye pia nilifanya, tansiyo inaruka sana hapo. Toa pumzi ukisukuma. Na makayabo, ile samaki ya chumvi, na ile magi, kibe ya chumvi ya supu, yenye munavunja tatu tatu mu sufuria ya watu wawili, ah, mutuhurumie.

Dimanshi kisha misa nitakuwa nimekaa pale pale ku sanamu na mashini yangu. Kila mutu akuje apumzike dakika tano mbele, asikuje na sigara mu kinywa, na yule wa kamba ku mukono akuwe wa kwanza.