Vikomo vya uvuvi wa burudani vifuate mwezi na pepo, si likizo zetu

Mhariri,

Kila inapotajwa kwamba serikali huenda ikaweka au kubadilisha vikomo vya idadi ya samaki na misimu ya uvuvi wa burudani baharini, sisi wakazi wa Nairobi tunaoteremka Pwani na fimbo zetu za kuvulia huwa wa kwanza kunung'unika. Husema kwamba tumelipia leseni, tumelipia boti na mafuta, na kwamba samaki tunaowavua siku mbili tatu kwa mwaka hawawezi kuidhuru Bahari Hindi ilivyo pana. Nami nilisema hivyo hivyo kwa miaka kadhaa. Leo naandika kueleza kwa nini nimeacha kusema hivyo, na kwa nini naamini kwamba vikomo vinahitajika, mradi viwekwe kwa kufuata mwezi na pepo za bahari.

Desemba moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilitoka na nahodha mmoja wa upande wa Msambweni kuvua pembezoni mwa mwamba. Kaskazi ilikuwa imetulia, bahari imelala, na ndoana haikukaa majini dakika tano bila kuguswa. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa na changu waliojaa sanduku la barafu hadi juu, na hatukuwahesabu kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia tuhesabu. Tulipofika ufuoni nahodha alimpasua wa kwanza, na tumboni mkatoka mafuko mawili ya mayai, ya manjano, manene kama vidole vya mtu mzima, yamejaa hata moja likapasuka mkononi mwake. Akampasua wa pili, ikawa vilevile, na wa tatu pia. Alinawa kisu kwa maji ya bahari, akaniambia, "Mwanangu, hawa walikuwa wamekuja kuzaa." Hakunilaumu, wala hakuwa na haja ya kunilaumu. Nilirudi Nairobi kwa gari la moshi na sanduku langu, nikawagawia majirani wachache, na nusu ya samaki wale ikabaki kwenye friza yangu hadi Februari, nyama ikakauka na kugeuka rangi, nikaitupa. Leseni niliyokuwa nayo mfukoni siku ile haikuwa na neno hata moja kuhusu idadi, urefu wala mwezi.

Watu wa Pwani huugawa mwaka kwa pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi, na bahari huchafuka hasa kati ya Mei na Agosti, hata vyombo vidogo vikapandishwa juu ufuoni na wenye maboti ya kitalii wakatumia muda huo kuyakarabati. Kaskazi nayo huja mwishoni mwa mwaka na kukaa hadi Machi, ikituliza maji na kuyapasha joto. Wakati huo huo wa utulivu ndio ambao samaki wengi wa mwambani hukusanyika kutaga. Mfano ulio wazi zaidi ni tafi. Huko Msambweni wavuvi wa malema, yaani mitego ya kusukwa, wanajua, na watafiti wa bahari wamethibitisha, kwamba tafi hujikusanya mahali maalumu kati ya Novemba na Februari, siku zinazofuata mwezi mpevu, wakataga kisha wakatawanyika. Mtu anayejua mahali hapo na siku hizo anaweza kuzoa kwa asubuhi moja samaki ambao siku nyingine angewatafuta wiki nzima.

Sasa tuangalie kalenda yetu sisi wa bara. Shule hufungwa mwishoni mwa mwaka, afisi zikafungwa kwa Krismasi, treni ya Mombasa ikajaa, na hoteli za Diani, Watamu na Malindi zikapandisha bei kwa sababu wageni ni wengi. Msimu wetu wa likizo umeangukia moja kwa moja juu ya msimu wa samaki kutaga. Hatukuupanga ubaya huo, lakini ndivyo ulivyo, na ndiyo sababu siwezi kuunga mkono rai ninayoisikia kwamba tukifunga uvuvi wa burudani basi tuufunge Juni na Julai, kwa kuwa hautamuudhi mtu. Bila shaka hautamuudhi mtu, maana kusi imekwisha kuufunga mlango huo yenyewe. Kanuni ya namna hiyo ingetufurahisha sisi na isimwokoe hata tafi mmoja.

Wala si lazima bahari nzima ifungwe miezi minne. Ninachoomba ni kufungwa kwa maeneo yanayojulikana ya kutagia, kwa siku chache zinazozunguka mwezi mpevu, Novemba hadi Februari, huku maeneo mengine yakibaki wazi kwa kiasi maalumu. Mvuvi yeyote wa Pwani huujua mwezi kuliko anavyoijua tarehe, kwa hiyo kanuni inayofuata mwezi haitamchanganya mtu yeyote isipokuwa sisi tunaotoka mjini, na sisi tunaweza kujifunza.

Suala la ukubwa wa samaki linahitaji uangalifu zaidi, na hapa naomba nimzungumzie chewa. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadaye wale waliokua wakubwa hugeuka kuwa madume. Ukimchukua mdogo, umemtoa jike ambaye huenda hajataga hata mara moja, na ukichukua wakubwa tu kwa ajili ya picha, umeuondolea mwamba madume wake. Kwa hiyo kikomo cha urefu wa chini peke yake hakitoshi kwa samaki huyu. Panahitajika pia urefu wa juu, ambapo aliyeuzidi hurudishwa majini. Lakini hata kumrudisha kuna masharti. Nimemwona chewa aliyevutwa haraka kutoka kina cha pima thelathini, yaani kama mita hamsini na tano: hewa iliyo katika kibofu chake ilikuwa imetanuka, tumbo limesukumwa nje kupitia kinywani, macho yametokeza. Tulimrudisha tukidhani tumetenda wema, naye akaelea ubavu juu ya maji, akipiga mkia bila kuweza kuzama, hadi tukamwacha nyuma. Kanuni inayosema tu kwamba samaki aliyezidi kikomo arudishwe, bila kumwelekeza mvuvi aache kuvua kwenye kina hicho au awe na uzito wa kumshushia samaki hadi chini, itahesabu kuwa hai samaki waliokwisha kufa.

Kwa sulisuli na nduwaro, samaki wakubwa wenye pua ndefu kama mkuki, hali ni tofauti, na ningependa watunga kanuni wasiwatie katika kapu moja na samaki wa mwambani. Hawa ni wasafiri wa maji makuu, na kumsimamia sulisuli kwa kanuni ya Kenya peke yake ni kazi nusu. Kamisheni ya jodari ya Bahari Hindi, yenye makao yake Ushelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama, iliweka mwaka 2018 kikomo cha tani 25,000 za sulisuli kwa mwaka katika bahari nzima, ikakataza pia kuwahifadhi chomboni samaki wa jamii hiyo walio chini ya sentimita 60, kuanzia ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Manahodha wa Watamu na Malindi, kwa miaka mingi sasa, wamekuwa wakiwatia alama samaki hao na kuwaachilia. Desturi hiyo ni nzuri na inastahili kuandikwa iwe kanuni, pamoja na matumizi ya ndoana za duara ambazo humshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni.

Najua kuna wenzangu watakaosema kwamba sisi ni wachache na kwamba madhara makubwa yanafanywa na meli za kigeni. Ni kweli kwamba meli za mishipi mirefu na za nyavu za kuzungushia huchukua jodari wengi mno, na zinastahili kubanwa. Lakini hazimvui changu wa mwamba wa Msambweni wala chewa wa Shimoni. Anayemvua huyo ni mvuvi wa mtumbwi anayelisha familia, na ni mimi ninayekwenda kujistarehesha. Kati yetu wawili, sioni kwa haki gani mimi niwe ndiye asiye na kikomo.

Tena wenzetu wamekwisha kubeba sehemu yao. Wavuvi wa Malindi na Watamu walifungiwa hifadhi za baharini tangu mwaka 1968. Kule Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wanakijiji wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao takriban miaka ishirini iliyopita wakaacha kuivua, na neno la kufaa wanalo, tengefu. Meli za kuvulia kamba katika ghuba ya Ungwana hufungiwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 kila mwaka chini ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010. Na sisi wa Nairobi tunaijua misimu ya kufunga kupitia sufuria zetu, kwani uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria hufungwa kati ya Aprili na Julai, bei ikapanda katika soko la Gikomba, tukalipa bila kuandamana. Mama anayekaanga omena amekubali miezi minne bila biashara yake. Mimi naombwa niache siku chache za mchezo.

Jambo linalonitia wasiwasi kwa dhati ni riziki ya manahodha, mabaharia na vijana wanaotafuta chambo, ambao mapato yao ya mwaka mzima hutegemea wiki chache za Desemba na Januari. Wageni huagiza boti miezi mingi kabla. Kanuni ikitangazwa Novemba ianze kutumika Novemba, nahodha atarudisha pesa za watu au atavunja sheria, na wengi watachagua la pili. Kwa hiyo kila badiliko litangazwe angalau msimu mmoja mzima kabla, lijadiliwe na vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo kila mtu huviita BMU, na liache nafasi ya kuvua nguru, faluisi na jodari nje ya mwamba, ambako boti itaendelea kupata kazi hata siku za mwezi mpevu.

Uingereza ilipitia jambo kama hili kwa samaki wake wa pwani aitwaye bass. Samaki huyo alipopungua, wavuvi wa burudani waliwekewa mwaka 2015 kikomo cha samaki watatu kwa mtu kwa siku, na urefu wa chini ukapandishwa kutoka sentimita 36 hadi 42. Mwaka uliofuata kikomo kilishuka: nusu ya kwanza ya mwaka hawakuruhusiwa kuchukua hata mmoja, na nusu ya pili mmoja tu kwa siku. Watu walilalamika sana, hasa kwa kuwa baadhi ya wavuvi wa biashara waliendelea kuvua. Hata hivyo, kufikia mwaka 2020 kikomo kilikuwa kimerudi juu hadi samaki wawili kwa siku. Hilo ndilo ninalotaka wenzangu walione: kikomo si kifungo cha maisha. Kinaweza kushuka na kinaweza kupanda, ila hakiwezi kupanda kwa haki mahali ambapo hakuna anayehesabu.

Na kwetu hatuhesabu inavyopasa. Samaki wa mvuvi wa mtumbwi hupimwa akifika bandarini, kilo zake zikaandikwa daftarini. Samaki wangu walitoka kwenye boti wakaingia kwenye sanduku la barafu, wakaingia kwenye behewa, na hakuna mtu kati ya Msambweni na mtaa wangu wa South B aliyejua kwamba wamevuliwa. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inawapa wahusika uwezo wa kutosha wa kuweka misimu, maeneo na ukubwa wa samaki. Kinachokosekana ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo kila boti ya kukodi ingejaza: aina ya samaki, idadi, urefu, waliochukuliwa na walioachiliwa, mahali na siku. Leseni yangu ya mwaka unaofuata isitolewe kabla fomu za mwaka huu hazijaonekana. Takwimu hizo ziifikie Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, na vikomo viangaliwe upya kila baada ya miaka miwili kwa kuzitumia, matokeo yakitangazwa kwa Kiswahili ili nahodha ayasome mwenyewe.

Kwa kuanzia, vikomo viandikwe nyuma ya leseni yenyewe: changu wangapi, chewa wangapi, urefu gani, siku zipi za mwezi. Mtu aliyelipa hatakuwa na udhuru kama wangu.

Novemba ijayo, Mungu akipenda, nitateremka tena. Nimempigia simu nahodha yule yule na kumwomba anipeleke moja kwa moja maji makuu kufuata nguru, tupite mbali na mwamba wa changu. Alikubali kwa furaha, kisha akaniuliza wateja wake wengine wa Desemba wataambiwa na nani, maana yeye akiwakatalia, watashuka kwenye boti yake na kupanda ya jirani. Sikuwa na jibu. Nalifikisha swali lake, kupitia gazeti lako, kwa wale wenye mamlaka ya kumjibu.

Mvuvi wa mshipi,
South B, Nairobi