Harambee ya paa la maabara, tusaidianeni kabla ya mvua

Assalamu alaikum wazee wetu, mama zetu, ndugu wa hapa mtaani na nyinyi wa Muscat na Dubai mnaosoma meseji zetu kimya kimya (tiki za buluu tunaziona jamani).

Tunaona haya kurudi tena kwenu maana tangi la maji mlilichanga nyinyi hawa hawa, lakini maabara inavuja na imefika pabaya. Juzi Form Four wako kwenye praktiko ya fizikia, mvua ikashuka, maji yakaingia meza ya kati penye ile ameta (kipima mkondo wa umeme) yetu moja ambayo mshale wake hauendi mpaka uigonge kwa kidole, mwalimu akapiga kelele "zima, toa seli!" na watoto wakamalizia kwa kukisia majibu. Na mtihani wa mwisho wa KCSE, pepa ya tatu ya praktiko, haikisiwi.

Sasa niwape habari ya mwanafizikia Profesa Abdus Salam, kazaliwa 1926, akalelewa Jhang, mji mdogo wa Punjab ambao leo uko Pakistan. Mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa mwalimu wao akifundisha nguvu za maumbile aliwaambia umeme haukai Jhang, unakaa Lahore, na nguvu za ndani ya kiini cha atomu ndo kabisa, hizo ziko Ulaya, msijisumbue nazo! Mtoto huyo huyo akaja kupewa Nobeli ya fizikia 1979, pamoja na Glashow na Weinberg, kwa kuonyesha kuwa umeme-sumaku na ile nguvu dhaifu ya ndani ya kiini asili yao ni moja. Usiku wa dhifa Stockholm, kilemba kichwani, akawasomea aya za Surat al-Mulk, zile za rudisha jicho uangalie kama utaona kasoro katika uumbaji. Alikuwa akisema karibu thumuni ya Qur'ani inatuhimiza tutazame maumbile na tufikiri. Haya, wetu watazame nini, ndoo za kukingia maji?

Cambridge alikwenda 1946 kwa udhamini wa fungu la watoto wa wakulima wadogo, yaani pesa za watu ndo zilimfikisha. Naye hakusahau, 1964 akaanzisha kituo Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wasikose pa kufanyia utafiti, na pesa za tuzo zake akazielekeza kwa wenzao hao hao. Kituo hicho leo kina taasisi shirika hadi Kigali.

Najua kuna atakayekuja inbox kusema huyo alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya. Ndio alikuwa, na kwao Pakistan bunge liliwatoa Waahmadiyya kwenye Uislamu 1974, hata kwenye kaburi lake kule Rabwah neno "Muslim" lilifutwa. Ubishi huo una mahali pake, hapa tunachangia mabati.

Harusi tunachanga mpaka usiku wa manane, picha tunapost. Kwa hili toeni chochote, mia mbili, elfu, asiye na pesa alete misumari au mbao, fundi wa kujitolea tunamtaka pia. Kila senti itatolewa hesabu, risiti zitabandikwa ubao wa shule. Namba ya mhazini mnayo. Ijumaa baada ya swala kamati itakaa nje ya msikiti na daftari, na majina yatasomwa inshallah.